Kisomo cha Watu Wazima na Siri ya Barua

Mataifa ya Afrika Mashariki yalipopata uhuru yalitangaza vita juu ya maadui watatu: umaskini, maradhi na ujinga. Kwa neno ujinga walikusudiwa hasa wale watu wazima waliopita utotoni bila kuona mlango wa shule. Serikali zilifanya kampeni kubwa ili watu hao wafundishwe kusoma, kuandika na kuhesabu. Fedha zilitumika, walimu waliitwa, na ahadi zilitolewa mbele ya umma. Leo, baada ya miaka mingi, ni haki kuuliza: je, kampeni hizo zilifaa kitu? Tena, msomaji, si haki kuwaachia wataalamu peke yao swali hili, kwa kuwa wewe unayesoma ukurasa huu unalo fungu lako katika jibu lake.

Mimi niliingia katika swali hili kabla ya kujua kwamba ni swali. Mwaka 1978 nilikuwa mvulana wa darasa la sita pale Kabiria, upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, jirani ya Riruta na Kawangware. Siku hizi Kabiria imejaa nyumba za mabati na za ghorofa zilizobanana, lakini siku zile palikuwa bado na nafasi ya mahindi, migomba na ng'ombe wa maziwa. Karibu na kwetu alikaa mama mmoja mjane, muuza mboga, ambaye watoto wote wa njia ile tulimwita Nyanya. Mwanawe alikuwa akifanya kazi Mombasa. Kila barua ilipofika, Nyanya aliifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake, akaniita nimsomee. Malipo yangu yalikuwa kipande cha muwa au ndizi mbivu, na zaidi ya hayo, heshima. Nilijiona mtu mkubwa. Mtu aliyenizidi umri kwa miaka arobaini alikaa kimya akingoja maneno yatoke kinywani mwangu.

Siku moja barua ilisema kwamba mwana ametuma hawala ya posta ili mama yake anunue mabati ya kuezekea nyumba. Tena iliomba kwamba habari hiyo asiambiwe ndugu wa marehemu baba yake, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kudai madeni yasiyo na ushahidi. Nilisoma yote kwa sauti nzuri, nikala muwa wangu, nikaenda kucheza. Katika mchezo nilimwambia rafiki yangu. Rafiki yangu alikuwa na mama, na mama alikuwa na jirani. Kabla ya jua kuchwa mara ya pili, shemeji yule alikuwa amesimama mlangoni kwa Nyanya, na nusu ya mabati ikaondoka naye. Mvua ilipokuja, nyumba ilivuja.

Nyanya hakunipiga wala hakunishitaki kwa wazazi wangu. Alisema tu, "Mjukuu wangu, niliazima macho yako, sikujua kwamba mdomo huja pamoja nayo." Maneno hayo yamekaa nami kuliko fimbo zote nilizopata kupigwa. Wahenga husema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini asiyejua kusoma hana hata hiari ya kuchagua kata yake. Kila siri yake hupita katika mkono wa mtu mwingine kabla ya kumfikia mwenyewe.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba Kenya itafuta kutojua kusoma kwa muda wa miaka mitano. Kazi ilianza mwaka 1979, ikaundwa Idara ya Elimu ya Watu Wazima, na watu zaidi ya 400,000 wakajiandikisha katika mwaka ule wa kwanza, wengi wao wanawake. Madarasa yalifunguliwa shuleni, makanisani na chini ya miti. Watu waliyaita madarasa ya ngumbaru, yaani ya watu wazima. Wengine walilitamka neno hilo kwa dhihaka, lakini wanafunzi wenyewe hawakujali. Nyanya alikuwa miongoni mwao. Baada ya soko la asubuhi aliweka kapu lake pembeni, akaketi juu ya benchi fupi pamoja na wanawake wengine waliobeba watoto wachanga mgongoni, akafundishwa na kijana aliyeweza kuwa mwanawe. Walianza kwa lugha ya mama, kisha wakaendelea na Kiswahili.

Baada ya mwaka mmoja hivi barua ya Mombasa ilifika, nami sikuitwa. Nilimwona kwa mbali ameketi mlangoni, kidole chake kikitambaa chini ya mstari, midomo ikicheza bila sauti. Ilimchukua muda wa kutosha kupika chungu cha maharagwe, lakini aliimaliza peke yake, akaikunja, akaiweka ndani ya kopo la majani ya chai na kufunga kifuniko. Nitakiri jambo la aibu: sikufurahi, bali niliona kijicho. Nilikuwa nimepoteza mamlaka ambayo hata sikujua kwamba nilikuwa nayo. Akiba yake ilipofika tena, alikwenda posta. Karani alisukuma kidau cha wino mbele yake ili atie kidole gumba. Nyanya akaomba kalamu. Watu waliokuwa nyuma yake katika mstari walingoja sana siku ile.

Basi, tukiuliza katika saa hiyo kama kampeni imefaulu, jibu ni ndiyo, wala halihitaji takwimu. Lakini taifa si mtu mmoja, wala maisha si siku moja. Tazama sasa upande wa pili.

Mwaka 1983, uliokuwa mwisho wa ile miaka mitano, ulifika na kupita, na wasiojua kusoma walikuwa bado mamilioni. Bidii ya mwanzo ilipoa. Fedha za serikali zilipungua, walimu walioondoka hawakupata wa kuwafuata, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wa madarasa hayo walikuwa wamebaki kama robo tu ya wale wa mwaka 1979. Mwaka 2006 Kenya ilifanya uchunguzi wa taifa zima, na watu wazima hawakuulizwa tu kama wanajua kusoma, bali walipewa maandishi wasome. Ilionekana kwamba watu 61 hivi katika kila 100 walijua, na waliobaki, wapatao milioni 7.8, hawakujua. Tena, waliokuwa na ujuzi wa kutosha kuutumia vizuri hawakufika hata 30 katika kila 100. Nairobi iliongoza mikoa yote kwa watu 87 katika 100. Mkoa wa Kaskazini Mashariki haukufika hata 10. Mtu mwenye kupenda kukosoa atasema: tazama, miaka 27 baada ya ahadi, bado hivi! Kampeni ilikuwa ngoma tu. Imekwisha, na wachezaji wamekwenda zao.

Usiharakishe kukubali neno hilo, msomaji. Kwanza vuka mpaka uone jirani yetu Tanzania alivyofanya, kwa sababu katika Afrika yetu hii ni nchi chache zilizolishika jambo hili kwa nguvu kama yeye. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, kadiri ya watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata kazi ilitiliwa mkazo katika wilaya chache, kama vile Mafia, Ukerewe na Masasi, kisha ikaenezwa nchi nzima. Walimu wa shule, watumishi wa serikali, na hata wanafunzi wa shule za msingi waligeuka kuwa walimu wa wazee wao. Mwaka 1975 mamilioni ya watu walifanya mtihani wa taifa, na wasiojua kusoma wakaonekana kuwa wameshuka hadi 39 katika kila 100. Kufika mwaka 1986 serikali ilihesabu kuwa wamebaki kadiri ya 10 tu.

Ni nini kilichoipa kazi ile nguvu? Wengi hutaja amri na nyimbo. Mimi nataja kitabu cha pamba. Katika mradi uliofanyika Mwanza kwa msaada wa UNESCO tangu mwaka 1968, vitabu vya kwanza vya kusomea havikuwa na hadithi za kitoto. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba, mvuvi kwa maneno ya uvuvi, mfugaji kwa maneno ya ng'ombe, na mama kwa mambo ya nyumba na afya. Neno alilolisoma darasani jioni alilikuta shambani asubuhi. Kisha palikuwa na maktaba za vijijini, na gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wale waliokwisha kujua kusoma, ili wasikae bila chakula cha macho. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kadiri ya milioni mbili katika vikundi. Walisikiliza, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Huko kusoma hakukuwa pambo la mtu kujionea fahari, bali kulikuwa jembe.

Hata hivyo, na huko pia wakati ulibadilika. Miaka ya 1980 ilikuja na dhiki. Fedha na karatasi vikaadimika, na vijitabu vikachakaa bila vipya kuchukua nafasi yake. Sensa ya mwaka 2012 ilipofanywa, wenye kujua kusoma na kuandika walikuwa 78 katika kila watu 100 wa umri wa miaka 15 na zaidi. Vipimo vya mwaka 1986 na vya 2012 havikuwa vya namna moja, wala watu hawakuwa wale wale. Kwa hiyo tusizilinganishe hesabu hizo kama mtu anayepima unga kwa kibaba kimoja. Lakini fundisho lake halifichiki. Kusoma si chanjo ambayo mtu huchomwa mara moja akakingwa maisha yake yote. Ni kama njia ya porini: ikipitwa kila siku hupanuka, na ikiachwa misimu miwili majani huifunika.

Hapo narudi Kabiria, maana fundisho hili nililiona kwa macho yangu. Katika mwaka 2008 nilikwenda kumsalimu Nyanya, ambaye sasa alikuwa mzee sana. Mwanawe alikuwa amestaafu na kurudi nyumbani, kwa hiyo barua zilikuwa zimekoma miaka mingi. Darasa la ngumbaru lilikuwa limefungwa. Kitabu pekee kilichobaki nyumbani kilikuwa kile kile cha kujifunzia, ambacho panya walikuwa wamekionja. Lakini simu ilikuwa imeingia, na pamoja nayo M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwaka uliotangulia. Nyanya alinionyesha simu yake. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa fedha. Ingawa maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, alinitajia kiasi alichotumiwa na salio lililobaki, bila kukosea hata senti moja. Ujumbe wa pili aliuandika mjukuu wake kwa lugha ya nyumbani. Nyanya aliutazama kwa muda mrefu, kisha akanipa simu. "Tarakimu hazijaniacha," alisema, "lakini maneno yamekwenda."

Kwa nini tarakimu zilibaki na maneno yakaondoka, ilhali mwalimu alikuwa mmoja na benchi lilikuwa moja? Kwa sababu muuza mboga huhesabu kila siku ya Mungu. Wateja, bei na chenji vilikuwa mwalimu wake kwa miaka thelathini bila mshahara. Maneno hayakupata mwalimu wa namna hiyo. Kilichotumika kilibaki, kilichowekwa koponi kiliota kutu.

Kutokana na mambo haya naona hukumu ya haki ni hii. Kampeni ya taifa hufaulu kufungua mlango, nayo huweza kuufungua kwa watu wengi kwa muda mfupi kuliko njia nyingine yoyote. Hushindwa pale inapodhani kwamba kufungua mlango ndiyo kujenga nyumba. Kosa la wale walioahidi miaka mitano si kwamba walitamani makubwa. Ni kwamba walihesabu vichwa vilivyoingia darasani, wasiulize vichwa hivyo vitasoma nini siku ya pili baada ya cheti. Watawala hupenda hesabu za namna hiyo kwa sababu husomwa vizuri jukwaani. Lakini mzani wa kweli wa kisomo hauko jukwaani. Uko mkononi mwa mtu aliyepokea barua: je, ataifungua mwenyewe, au atatafuta mtoto wa jirani?

Wako watakaosema kwamba ingefaa kuwaacha wazee na kutia fedha zote katika shule za watoto, maana wazee hupita na watoto hubaki. Neno hili lina sura ya busara, lakini lina makosa mawili. La kwanza, Mwalimu Nyerere alikwisha kulijibu mapema: mtoto anayeingia shule leo hataleta manufaa kwa nchi ila baada ya miaka mingi, na katika miaka hiyo nchi inaendeshwa na watu wazima. La pili ni zito zaidi, kwa kuwa ni la haki wala si la faida. Mtu mzima asiyejua kusoma hakukosa shule kwa uvivu wake. Shule hazikuwako, au zilikuwako kwa wachache, au ndugu zake wa kiume walipelekwa naye akaachwa achote maji. Kumwambia leo kwamba wakati wake umepita ni kumtoza faini kwa kosa la watu wengine.

Kimani Maruge alilijua hilo. Kenya ilipofuta karo za shule za msingi mwaka 2003, mzee huyu aliyepigana katika Mau Mau aliona kwamba mlango umefunguliwa, na mwezi wa Januari mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza pale Eldoret pamoja na watoto wa miaka sita. Alisema kwamba anataka kuisoma Biblia mwenyewe, na kwamba anataka kujua kuhesabu fedha kama wapiganaji wa uhuru watalipwa. Alifariki mwaka 2009 bila kumaliza shule ya msingi. Zitafakari sababu zake mbili. Hakutaka cheo wala kazi. Alitaka tu kwamba kati yake na Mungu, na kati yake na haki yake, asisimame mtu mwingine mwenye kumsomea.

Na sasa neno la mwisho ni lako, kijana. Tuliita hali hiyo ujinga, nalo ni jina baya. Nyanya alijua mbegu, udongo, bei na tabia za watu kuliko mimi. Mjinga siku ile ya barua nilikuwa mimi niliyekuwa nikisoma. Ujuzi wa herufi humpa mtu uwezo, haumpi uaminifu. Kwa hiyo, ukiitwa umsomee mtu ujumbe wake, jua kwamba umeshika nyumba yake mkononi. Soma lililoandikwa, lote, bila kuongeza wala kupunguza, kisha usahau. Kufanya hivyo ni uaminifu, lakini bado si wema kamili, maana kesho atakuita tena, na kesho kutwa. Katika nchi ya Kuba, mwaka 1961, vijana kadiri ya 100,000, wengi wao wa umri wako, waliondoka makwao wakaenda mashambani kuwafundisha wakulima, na kabla mwaka haujaisha watu zaidi ya 700,000 walikuwa wamejua kusoma. Wewe huambiwi uondoke kwenu. Mtu wako huenda yuko nyuma ya ukuta wa pili, na kitabu chake cha kwanza kimo ndani ya simu yake.

Siku ile ya mwaka 2008 nilimsomea Nyanya ujumbe wa mjukuu wake kwa sauti ya chini, sikioni mwake, ingawa hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Kisha nikavuta kigoda karibu, nikaweka kidole chake chini ya neno la kwanza, nikamwomba alisome. Lilikuwa jina lake. Alilisoma mara moja bila kusita, akacheka, akasogeza kidole kwenye neno la pili.